Mikono ya Bibi Milembe

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu yeyote, Eufrasia alitazama vikombe. Alisimama kwenye mlango wa wodi ya wanaume, ndoo mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, macho yakapita juu ya kabati ndogo zilizo kando ya vitanda. Kikombe kilichoachwa kimejaa kilimwambia mengi kuliko mwenye kikombe, maana wanaume wa huku Usukumani ukiwauliza wameamkaje watasema wazima, hata kama roho iko puani.

Alikuwa mhudumu wa wodi. Wagonjwa walimwita nesi, naye hakuwakatalia, lakini mpaka wake aliujua. Sindano na dawa zilikuwa za manesi. Vyake vilikuwa shuka, maji ya kunawa, uji, bedpani, na mgongo wa mtu aliyelala muda mrefu. Aliishia darasa la saba, na kazi hii alifundishwa na mtawa mmoja mzee asiye na maneno mengi, aliyewaonyesha kwa mikono. Usimguse mgonjwa kabla hujamwambia unataka kumfanya nini. Bedpani ya chuma ipitishe kwanza kwenye maji ya moto, kwa sababu baridi ya chuma humfanya mtu ajikaze hata haja ikarudi ilikotoka. Mkunjo mdogo wa shuka, kwa mtu anayeulalia siku nzima, ni sawa na kulalia kijiti. Mto ukishapata joto, ugeuze. Eufrasia aliyashika haya kama mtu anavyoshika sala, akayatenda miaka yote ile huku akiogopa kwamba siku moja atasahau kitu na mtu ataumia.

Alikuwa mtu wa wasiwasi toka usichana wake. Mtoto akichelewa kisimani, yeye alikwisha kumzika moyoni. Marehemu mume wake, Josia, alikuwa akimtania kwamba hata mvua ikinyesha vizuri mke wake hutazama mafuriko yataingilia wapi. Lakini wodini wasiwasi huo ulikuwa na faida. Aliona midomo ikianza kukauka, alimwona mtu aliyeacha kutaniana na jirani yake, na mara nyingi alimwita Sista Klementina, mkuu wa wodi, kabla jambo halijawa jambo.

Mwaka ule kulikuwa na mengi ya kutazama. Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Zamani mkulima alipeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika, akangoja. Sasa malori ya watu wasiojulikana yalikuja hadi vijijini, yakashindana kujaza na kuwahi kiwandani, magunia yakapangwa hadi yakagusa matawi ya miti, na juu ya magunia wakakaa vijana wa kupakia na kushusha. Mjini Bariadi kila mtu alikuwa anauza kitu. Hospitalini nako serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Salvatory, mhudumu pekee mwanaume wa wodi ile, alipunguzwa mwanzoni mwa mwaka, naye sasa alitandika mitumba sokoni. Wakabaki wahudumu wawili, Eufrasia mchana na Apolonia usiku.

Basi asubuhi moja Eufrasia aliingia, akatazama vikombe kama kawaida, akaona kitanda cha dirishani kina mtu mpya. Mguu wa kulia ulikuwa umeinuliwa, umefungwa bandeji hadi pajani, na kamba ilipita juu ya gurudumu dogo la chuma ikaishia kwenye mfuko wa mchanga uliokuwa unaning'inia mwisho wa kitanda. Alikwisha kuwahudumia wengi wa namna ile. Alichukua beseni la maji ya kunawa, akasogea, akaanza kusema anachotaka kufanya. Mgonjwa akageuza uso.

Alikuwa Anatoli wa Zagayu, mume wa binti yake Joyness.

Maji yalimwagika miguuni mwake. Eufrasia alivuta kanga akafunika uso, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kitandani Anatoli naye alikuwa amejivutia shuka hadi juu ya kichwa.

Huku kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawatajani majina. Kila mmoja kwa mwenzake ni bukwi, yaani mkwe, na neno lenyewe husemwa kwa sauti ya chini. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na heshima ikizidi, umbali nao unazidi. Tangu Anatoli amwoe Joyness, Eufrasia alimjua zaidi kwa mgongo. Wakikutana njiani, kijana alishuka kwenye baiskeli, akaingia ndani ya shamba la pamba la mtu, akasimama akitazama upande wa pili mpaka mama mkwe apite. Naye Eufrasia alifunika uso, akapita haraka, na moyoni alifurahi, kwa sababu mwanaume anayeingia pambani kwa ajili ya mama wa mke wake si rahisi ampige mke huyo.

Sasa mwanaume huyo alikuwa amelala chali, hawezi kwenda popote. Na kazi ya kumwogesha, kumgeuza na kumwekea bedpani ilikuwa ya Eufrasia.

Sista Klementina alimweleza yaliyotokea. Lori la pamba lilikuwa linavuka korongo, likainama, Anatoli akaanguka kutoka juu ya magunia. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, naye angelala hivyo wiki nyingi. Kaka yake Dastan ndiye aliyemleta, akarudi Zagayu kwa sababu pamba ya nyumba nzima ilikuwa nje na wanunuzi hawakumngoja mtu. Joyness alikuwa na kichanga ambacho hata jina hakijapewa; hawezi kusafiri. Eufrasia naye akaeleza yake, yaani habari ya ukwe. Sista Klementina alikuwa mtu wa Bukoba, lakini alisikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa, ila hana mtu mwingine wa kumpa. Mhudumu wa wodi ya wanawake alikuwa na mimba kubwa, naye mwenyewe anaomba kusaidiwa kubeba ndoo.

Ikabidi Eufrasia atafute njia, na njia akaiona kwa mzee Kasmiri. Mzee huyu, mfugaji wa upande wa Nyashimo, alilala kitanda cha jirani. Alikuwa amepasuliwa ngiri. Kutembea polepole anaweza, kuinua kitu amekatazwa. Eufrasia alianza kuweka kila kitu cha Anatoli kwenye kabati ya Kasmiri, na kusema kila neno la Anatoli kwa Kasmiri, huku amewapa mgongo wote wawili.

"Guku," aliita, yaani babu, "mwambie jirani yako uji umefika."

Kasmiri aligeuka taratibu kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye kiasi cha kusikia hata pumzi yake kwamba uji umefika. Jirani alijibu kwamba anashukuru. Kasmiri akarudisha shukrani hizo kwa Eufrasia, akaongeza za kwake. Wodi nzima ilikuwa inasubiri mazungumzo haya kama watu wanavyosubiri taarifa ya habari redioni.

Kitambaa cha kunawa kilipita njia hiyo hiyo. Anatoli alijifuta uso, kifua na kwapa. Mgongo haukufikiwa na mtu, na bedpani Anatoli hakuiomba mchana hata mara moja. Eufrasia aliuwaza mgongo ule, lakini akajiambia kwamba usiku Apolonia ataushughulikia. Hakujua kwamba Apolonia, peke yake kwa wodi mbili, alikuwa akimwekea bedpani mara moja usiku na mara moja kabla hakujapambazuka, kisha anakimbilia kwingine. Alichokitazama Eufrasia ni kikombe, na kikombe cha Anatoli kilirudi kitupu kila mara. Akashukuru Mungu. Akaona amefanya vizuri: mgonjwa anakula, anakunywa, na heshima iko mahali pake.

Lakini siku zilivyokwenda kuna kitu kilianza kumsumbua. Kwa pembe ya jicho, wakati anafagia chini ya dirisha, aliiona midomo ya Anatoli. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama ardhi ya majaruba baada ya mavuno. Mtu anayemaliza uji na chai na maji hawezi kuwa na midomo ile. Kisha akamwona Kasmiri. Mzee alikuwa anakwenda chooni asubuhi nzima, ameshika tumbo la mshono, na mashavu yake yaliyoingia hospitali yakiwa mashimo yalikuwa yameanza kujaa.

Siku ile Eufrasia alitoka nje kuanika shuka, na badala ya kuondoka akasimama nyuma ya shuka mojawapo, karibu na dirisha. Alimwona Anatoli akinyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akakisukuma kwa jirani. Kasmiri alitazama kulia, akatazama kushoto, akanywa chote.

Alimsubiri mzee kwenye njia ya chooni. Alitaka kumkaripia, lakini mzee hakuonyesha haya hata kidogo.

"Mayu, mama yangu, mimi nimenenepa kwa heshima ya mkweo," alisema. "Nisipokunywa atamwaga dirishani. Uji wa hospitali ni mwepesi, lakini kuumwaga siwezi kuvumilia."

"Kwa nini hanywi?"

Hapo Kasmiri aliacha utani. Alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo yake.

"Anasema akinywa mchana, haja itamjia mchana. Na mchana ni wewe."

Eufrasia alishika ukuta. Siku zote hizo alikuwa akijisifu kwa kumpa mgongo, kumbe yule kijana alikuwa anajikausha kama nyama juani ili mama mkwe wake asije akalazimika kushika bedpani yake. Alikuwa amekaa na kiu tangu asubuhi hadi giza, katika joto la kiangazi, chini ya bati, na usiku alipoletewa maji alikunywa kidogo tu kwa kuogopa kwamba yatachelewa kutoka na kukuta kumekucha.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Klementina. Alichelewa kidogo tu, maana adhuhuri ile ile Anatoli alianza kutetemeka kwa homa. Daktari alikuja, akatazama mkojo wa kijana, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Akambonyeza kiunoni, kijana akaruka. Wakamwinua kidogo kutazama mgongo, na hapo juu ya makalio ngozi ilikuwa imewiva, nyekundu ya kuiva, haibadiliki hata ukibonyeza kwa kidole. Daktari alisema mguu utapona, mguu hauui mtu. Kitakachomuua ni kukauka na kulala bila kugeuzwa. Akatundika dripu, akaacha neno kwamba mgonjwa anywe maji mengi na ageuzwe, kuanzia leo, asisubiriwe hadi kesho.

Sista Klementina alikaa kitandani kwa Anatoli, akamweleza yote kwa upole. Anatoli aliitika ndiyo Sista, kila neno ndiyo Sista. Sista alimwekea bedpani kwa mikono yake mwenyewe, lakini alikuwa na sindano za wodi tatu, na haja ya mtu haisubiri Sista amalize zamu. Alipoondoka, kikombe kilibaki juu ya kabati kimejaa. Sasa hata Kasmiri hakukigusa.

Mchana ule wote Eufrasia alifanya kazi huku akipima la kufanya. Kila upande alioutazama uliogopesha. Akimshika Anatoli kwa nguvu, kijana atapona, lakini atatokaje hospitali? Ataitwa yule aliyevuliwa nguo na mama wa mke wake. Hatakanyaga tena nyumbani kwa mama mkwe, na pengine atamrudisha Joyness ili asiwe na mama mkwe wa kumkumbuka. Asipomshika, Joyness atakuwa mjane na kichanga mgongoni, na huko Zagayu watasema mama yake alikuwepo pale pale, amevaa gauni la hospitali, akamwacha mtu afe. Alimwona binti yake akishuka njia ya kwao na kifurushi kichwani. Alimwona waziwazi, kana kwamba jambo limekwisha kutokea.

Alipotoka kazini alipitia sokoni kwa Salvatory. Salvatory alikuwa ananing'iniza makoti ya watu wa nchi za baridi, jua la alasiri bado kali. Alimhurumia, akasema angekuja, lakini asubuhi anaondoka kwenda kwenye minada ya ng'ombe na mzigo wake, na kurudi ni mwisho wa juma. Eufrasia akaenda kwa Apolonia kuomba wabadilishane zamu. Apolonia alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza, mtoto wake mdogo amelala kwenye boksi. Alimkumbusha kwamba mchana ndipo anapopata cha kulisha nyumba. Akasema kwa huruma kabisa kwamba kama ni kumgeuza tu, si amgeuze, mgonjwa ni mgonjwa. Apolonia alikuwa na mume wa Mbeya na mkwe wake alikuwa kwenye picha tu.

Nyumbani kwake Somanda, Eufrasia alimkuta mama yake, Bibi Milembe, anamenya karanga barazani. Hakuwa amemwambia habari za Anatoli, kwa kuogopa presha ya mama. Aliingia jikoni, akapika, akaleta chakula. Bibi Milembe alionja mboga, akaweka kijiko chini.

"Umetia chumvi mara mbili. Nani anaumwa?"

Eufrasia akasema yote. Alisema na machozi, akamalizia na Joyness na kifurushi chake njiani. Alitegemea mama yake naye alie. Bibi Milembe alikunja uso kwa hasira.

"Mume wangu amelala hospitali siku zote hizi na wewe unanificha? Umeona mimi mzee, unataka kuninyang'anya?"

Eufrasia alifungua mdomo aendelee kulalamika, akaufunga. Alimtazama mama yake. Aliitazama ile mikono yenye mishipa, iliyojaa maganda ya karanga.

Maana kati ya bibi na mume wa mjukuu hakuna umbali hata wa hatua moja. Hao ni watani. Siku ya harusi, Bibi Milembe alimshika Anatoli sikio mbele ya wageni, akasema mwanaume gani huyu mwembamba, atamwezaje yeye mke mkubwa. Anatoli akamjibu kwamba mke mkubwa hana meno, ampikie uji tu. Bibi anaweza kumtukana, kumpiga kibao, kumvua shati akatafuta chawa. Na akiumwa anaweza kumwogesha, wala hakuna atakayeguna.

Jioni hiyo kabla jua halijazama walifanya mazoezi. Eufrasia alivuta gunia la mpunga hadi juu ya kitanda, akalitandikia shuka, akamfundisha mama yake kama mtawa alivyomfundisha. Sema kwanza. Weka mkono begani na mwingine kiunoni, vuta kuja kwako, usisukume, mguu wa kamba usiguswe. Nyoosha shuka mpaka isiwe na mkunjo. Bibi Milembe aliliita gunia mume wangu, akalilaumu kwa uvivu, lakini alitaka kuonyeshwa tena na tena. Alikuwa na akili nyepesi. Tatizo lilikuwa nguvu. Kila alipoliinua gunia, viganja vyake vilitetemeka, na Eufrasia aliviona, hofu nyingine ikaingia pale ilipotoka ya kwanza.

Asubuhi Sista Klementina alipoelezwa alicheka, kisha akafuta kicheko. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa mlangoni kwa maandishi makubwa, na mlinzi alikuwa mkali. Sista alitoka mwenyewe hadi getini, akamwambia mlinzi kwamba bibi huyu hana saa. Akamtafutia na gauni la kuvaa juu ya nguo zake.

Bibi Milembe aliingia wodi ya wanaume akisalimia kitanda kwa kitanda, mwangaluka huku, mwangaluka kule, kama mtu aliyefika shereheni. Alipofika dirishani alisimama, mikono kiunoni.

"Mwanaume mzima unaanguka kutoka kwenye pamba," alisema. "Pamba ni laini. Ungeanguka kutoka kwenye mawe ungetuambia nini?"

Anatoli alifumbua macho. Midomo iliyopasuka ilijaribu kucheka, ikauma.

"Nilikuwa nakuwahi wewe," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Niliambiwa unaolewa kwingine."

Wodi ikacheka. Nje ya pazia la magurudumu, lile ambalo huvutwa kuzunguka kitanda, Eufrasia alisimama ameshika ubao wa kitanda cha Kasmiri. Alisikia maji yakimiminwa. Akasikia mama yake akisema kunywa, hapa mimi sijaja kukutazama uso. Kisha akasikia koo la mtu aliyekuwa na kiu siku nyingi, likimeza, likimeza. Kikombe kikawekwa kwenye kabati, na mlio wa bati lake ulikuwa wa kitu kitupu kweli.

Alikunywa cha pili. Baada ya muda haja ikaja, kama Eufrasia alivyojua itakuja. Bedpani alikwisha kuipitisha kwenye maji ya moto na kuikausha. Aliipenyeza chini ya pazia, akageuka, akaanza kumwambia Kasmiri la kufanya, naye Kasmiri akilirudia kwa sauti kwa Bibi Milembe. Mkono begani. Mkono kiunoni. Vuta kuja kwako.

Bibi Milembe alivuta. Anatoli akaguna. Bibi akavuta tena, na Eufrasia akasikia pumzi ya mama yake ikikatika, kisha mlio wa chuma kikigonga chuma, na kamba ya mguu ikalia juu ya gurudumu lake. Anatoli alitoa sauti ya mtu anayeuma shuka. Hakuna aliyecheka sasa.

"Gunia lilikuwa jepesi," alisema Bibi Milembe, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. "Mikono inakataa."

Sista alikuwa wodi ya watoto. Kasmiri alijishika mshono wake, akanyanyuka nusu, akakaa tena. Eufrasia alisikia Anatoli akisema, kwa aibu kubwa, kwamba basi bibi aache, atajikaza mpaka usiku. Kwamba na maji yale mengine ayaondoe.

Eufrasia alifunika kichwa chote kwa kanga, uso ndani, akabaki na giza lenye maua ya rangi. Aliingia pazia kwa upande wa ukutani, upande ambao Anatoli alikuwa ameupa kisogo. Alipiga magoti chini, ubavuni mwa kitanda, akapenyeza mikono chini ya shuka na chini ya mpira uliotandikwa kuzuia maji, akatafuta kwa kupapasa mahali ambapo mkono wa kwanza hukaa na mahali ambapo wa pili hukaa. Hakuona kitu. Hakusema kitu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi alimgusa mgonjwa bila kusema anachotaka kufanya.

Akahisi mwili wa kijana ukikauka kama ubao. Alikuwa amejua. Mikono ya kizee haina joto lile wala haishiki namna ile. Eufrasia alikaa hivyo, akingoja Anatoli apige kelele, au amwite Sista, au aseme tu neno moja, bukwi, na kila kitu kiishe.

Bibi Milembe alikohoa.

"Umeona? Nilikuwa napumzika tu," alisema. "Haya, mume wangu. Nakuinua mimi."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Haya, bibi," alisema Anatoli.

Wakainua, mikono minne, naye akajisaidia kwa mguu mzima kadiri alivyoweza. Bedpani ikakaa mahali pake bila kugonga. Eufrasia akatoa mikono, akarudi nyuma kwa magoti hadi nje ya pazia, na alipofunua uso Kasmiri alikuwa anatazama dari kwa bidii sana, kama mtu anayehesabu misumari.

Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Bibi Milembe alikuja asubuhi na karanga zake, akatukana, akamnywesha, akamsugua mgongo kwa mafuta, akamgeuzia mto. Wakati wa kuinua ulipofika alikohoa, na mikono mingine ikaingia kutoka ukutani. Kabla ya kuingia, Eufrasia alimwambia Kasmiri kwa sauti kwamba bibi sasa anataka kumgeuza upande wa kushoto, ili mgonjwa ajue. Homa ilishuka. Wekundu wa mgongo ulififia, ngozi haikupasuka. Mkojo ulirudi rangi yake. Mara moja Anatoli alisema kwamba bibi ana mikono ya msichana, na Bibi Milembe akamjibu kwamba ndiyo maana wanamgombania huko Somanda. Zaidi ya hapo hakuna aliyesema neno. Hata Apolonia hakuambiwa. Na Eufrasia hakuacha kuogopa. Aliogopa kwamba kukohoa kwa mama yake hakutasikika, aliogopa kwamba kanga itamteleza, na usingizini aliiona ikiteleza.

Kasmiri alitoka hospitali kabla ya Anatoli, mwembamba kidogo kuliko alivyokuwa anatarajia.

Siku Anatoli alipopewa magongo, Dastan alikuja kumchukua na gari la mizigo. Joyness alikuwa ndani ya gari na mtoto, lakini mlinzi aliwazuia getini. Eufrasia alijificha chumba cha shuka mpaka watoke. Bibi Milembe alikuja kumtafuta humo.

"Ameacha maneno," alisema. "Kasema, mwambieni bibi naishukuru mikono yake yote."

Eufrasia alikunja shuka moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Alipodhani wamekwisha kwenda, alitoka na ndoo kuelekea bombani. Hawakuwa wamekwenda. Anatoli alikuwa bado kwenye kijia cha getini, anakanyaga polepole kati ya magongo yake, na kijia chenyewe kilikuwa kimoja. Akamwona. Hakukuwa na pamba ya kuingilia. Alitoka pembeni, kwenye majani, akasimama juu ya mguu mmoja akitazama ukuta wa hospitali. Eufrasia alitua ndoo, akavuta kanga usoni, akapita. Moyoni alifurahi.

Lakini hakufika mbali. Nyuma ya kona ya jengo alisimama, bado amejifunika, akasikiliza magongo yakirudi kwenye kijia. Ardhi ya pale ilikuwa na kokoto, na kokoto huteleza. Alisikiliza kila pigo, la kushoto, la kulia, na katikati ya kila pigo alishika pumzi, mpaka aliposikia mlango wa gari ukifungwa na mtoto akilia ndani yake.